Kilo Si Zote Sawa: Namna ya Kukadiria Dozi ya Homoni ya Thairoidi kwa Kuangalia Misuli na Mafuta

Kanuni yenyewe ni fupi na wengi wameishika kichwani: mtu mzima ambaye tezi yake ya thairoidi imeondolewa au imekufa kabisa anahitaji takriban mikrogramu 1.6 za levothairoksini kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Mwenye kilo 60 hesabu inamtolea 96, anaandikiwa 100, anakwenda zake. Kwa mwili wa wastani kanuni hiyo haina shida. Shida huanza mwili unapotoka nje ya wastani: mtu mnene sana, mzee ambaye misuli imeyeyuka, mnyanyua vyuma, au aliyepungua kilo 30 baada ya kupasuliwa tumbo. Kwa watu hao, anayezidisha uzito kwa 1.6 bila kuuliza kilo hizo ni za nini ataandika dozi iliyopitiliza au isiyotosha.

Nimeandika kwa ajili ya anayemeza dawa hii na anataka kuelewa kwa nini jirani yake mwenye uzito uleule anameza dozi tofauti, na pia kwa mhudumu wa afya anayetaka makadirio ya kwanza yasiwe mbali na ukweli. Hakuna mahali humu panapompa mtu ruhusa ya kujiongezea au kujipunguzia vidonge. Homoni hii ikizidi haina kelele: inapunguza mifupa na kuvuruga mapigo ya moyo taratibu, na mwenyewe anaweza kuwa anajisikia mchangamfu kweli wakati yanatokea.

Kwa nini mafuta hayahesabiki sawa na misuli

Levothairoksini ni T4, homoni ya akiba. Ili ifanye kazi ni lazima chembe moja ya ayodini itolewe, iwe T3. Vimeng'enya vya kazi hiyo, dayodinezi, viko kwa wingi kwenye ini, figo, misuli, ubongo na tezi ya pituitari iliyo chini yake. Viungo hivyo ndivyo vinavyoivuta homoni kutoka kwenye damu, vikaigeuza, vikaitumia na mwishowe vikaivunja. Mafuta meupe, yale yanayojaa kiunoni na mapajani, yana shughuli zake, lakini kilo moja ya mafuta haili homoni kwa kiwango cha kilo moja ya ini au msuli.

Mtu akinenepa haongezi mafuta peke yake. Misuli ya miguu inakua kwa kubeba mzigo, moyo unapanuka, damu inaongezeka, ini nalo linakua. Kwa hiyo mahitaji ya homoni yanapanda kweli, ila yanapanda polepole kuliko mshale wa mizani. Ndiyo maana wanene sana, wakishatulia kwenye dozi sahihi, mara nyingi unakuta wanameza karibu na mikrogramu 1.2 kwa kilo, na watu wembamba wanaweza kukaribia 1.8.

Jambo hili si geni. Mwaka 1984 Cunningham na Barzel walionyesha kwa wanaume na wanawake wazee kwamba uzito bila mafuta ndio unaotabiri mahitaji ya homoni ya thairoidi. Mwaka 2005 Ferruccio Santini na wenzake nchini Italia walilirudia swali hilo na kupata jibu la kuvutia zaidi: tofauti zinazoonekana kati ya wanawake na wanaume, na kati ya vijana na wazee, kwa sehemu kubwa zinatokana na kiasi cha mwili kisicho mafuta ambacho kila mmoja anacho. Mwongozo wa Jumuiya ya Thairoidi ya Marekani wa mwaka 2014 nao umeuweka uzito bila mafuta kwenye orodha ya mambo ya kuangalia wakati wa kuanza dozi, pamoja na umri, ujauzito, chanzo cha ugonjwa na hali ya moyo. Hata hivyo, kwa mazoea, watu wengi bado wanaandika kwa uzito mzima, kwa sababu mizani iko ukutani na kikokotoo kiko mfukoni.

Hatua ya 1: Jua tezi imebakiza uwezo gani

Usianze na mizani. Anza na tezi yenyewe.

Misuli na mafuta yana uzito kwenye hesabu pale tu dawa inapobeba kazi yote. Aliyeondolewa tezi nzima, au aliyeunguzwa tezi kwa ayodini ya mionzi mpaka ikazimika, yuko kwenye kundi hilo. Mwenye ugonjwa wa Hashimoto (kinga ya mwili kuishambulia tezi) uliogunduliwa mapema hayuko huko: tezi yake inachechemea lakini bado inatoa homoni, na mara nyingi mikrogramu 25 hadi 75 zinamtosha, awe na kilo 55 au 95. Ukimpigia hesabu ya dozi kamili utamzidishia. Aliyeondolewa nusu ya tezi naye ana hesabu yake, na wengine hawahitaji dawa kabisa.

Aliyetibiwa saratani ya thairoidi ni suala jingine. Baadhi yao wanatakiwa TSH yao (homoni ya pituitari inayoichochea tezi ya thairoidi; hupanda homoni ya thairoidi ikipungua na hushuka ikizidi) ishushwe makusudi, na dozi inaweza kufika karibu mikrogramu 2 kwa kilo. Hapo dozi kubwa imeamuliwa na lengo la tiba, na misuli haihusiki. Na yule ambaye tatizo liko kwenye pituitari, TSH yake haisemi ukweli hata kidogo; anafuatiliwa kwa T4 huru, yaani ile isiyobebwa na protini kwenye damu.

Watoto waache nje ya hesabu za ukurasa huu. Mtoto mchanga anahitaji mikrogramu 10 hadi 15 kwa kilo, kwa kuwa mwili wake unaitumia homoni kwa kasi kubwa, na kiwango kwa kilo kinashuka kadiri anavyokua hadi kufikia cha mtu mzima.

Hatua ya 2: Pima mwili, kisha uutilie shaka uzito ulioupata

Chukua uzito na urefu siku hiyohiyo. Uzito wa kukumbuka kichwani haufai, na urefu wa kujitajia ndio haufai kabisa. Wengi wanajiongezea sentimita mbili tatu bila nia mbaya. Mzee mpime upya, kwa sababu uti wa mgongo hufupika.

Baada ya hapo jiulize kama namba ya mizani ni mwili kweli. Mgonjwa mwenye maji tumboni au miguu iliyovimba anapima maji. Mwenye upungufu mkali wa homoni ya thairoidi naye anabeba maji na chumvi, na kilo chache za kwanza anazopoteza baada ya kuanza dawa ni hizo. Mjamzito ana uzito usioingia kwenye kanuni hii. Aliyekatwa mguu anahitaji makadirio yake mwenyewe.

BMI (uzito wa kilo ukigawanywa kwa mraba wa urefu wa mita) itakusaidia kujua nani ni mnene sana na nani ni mwembamba sana, ila haitofautishi msuli na mafuta. Mcheza raga mwenye BMI 31 na karani asiyefanya mazoezi mwenye BMI 31 wanafanana kwenye karatasi tu.

Ikiwa kuna kipimo cha DXA (mashine ya eksirei inayopima mifupa, misuli na mafuta), hicho ndicho cha kutegemewa, na pengine mtu alishapimwa mifupa kwa mashine hiyohiyo. Mizani zinazopitisha umeme mdogo miguuni, zile zinazoandika asilimia ya mafuta, zinatumika kwa tahadhari: aliyekunywa maji mengi, aliyetoka kufanya mazoezi au mwenye uvimbe atapata namba tofauti asubuhi na jioni ya siku moja. Ukizitumia, pima saa ileile na katika hali ileile kila mara, na uangalie mwelekeo wa miezi badala ya namba ya siku moja. Mimi naziamini kwa kusema "misuli inapungua au haipungui", siziamini kwa kusema "kilo 47.3".

Hatua ya 3: Kadiria uzito bila mafuta

Bila mashine, tumia fomula. Zipo kadhaa, na zile kongwe zina kasoro moja kubwa: kwa wanene sana zinaanza kutoa majibu ya ajabu. Iliyochapishwa na Janmahasatian na wenzake mwaka 2005 inawabeba vizuri zaidi.

Kwa mwanamke: zidisha uzito wa kilo kwa 9270. Kando, zidisha BMI kwa 244 na ujumlishe 8780. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili.

Kwa mwanamume ni hivyohivyo, ila BMI inazidishwa kwa 216 na kinachojumlishwa ni 6680.

Tuichukue kwa namba. Mwanamke wa kwanza ana sentimita 160 na kilo 60. BMI yake ni 23.4. Juu tunapata 556,200, chini tunapata kama 14,500, na uzito bila mafuta unakuwa takriban kilo 38.

Mwanamke wa pili ana urefu uleule na kilo 100. BMI 39.1. Juu 927,000, chini kama 18,300, jibu ni takriban kilo 51.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Mwanamke wa pili amemzidi mwenzake kilo 40, yaani uzito umeongezeka kwa theluthi mbili. Uzito bila mafuta umeongezeka kilo 12 tu na ushei, karibu theluthi moja. Ukitumia 1.6 kwa uzito mzima, wa kwanza anapata 96 na wa pili 160. Ukichukulia kwamba 96 za wa kwanza ni sahihi, hizo ni mikrogramu 2.5 kwa kila kilo isiyo ya mafuta. Mpe wa pili kiwango hichohicho na utapata 127. Gawanya 127 kwa kilo zake 100, ni 1.27 kwa kilo, ambayo inalingana na kile kinachoonekana kwa wanene waliokwisha kutulia. Tofauti kati ya 160 na 127 ni zaidi ya kidonge kizima cha 25, na kidonge hicho kinatosha kumvusha mtu kutoka TSH nzuri hadi TSH iliyozama.

Sasa mlete mwanamume wa kilo 100 mwenye sentimita 185. Uzito wake bila mafuta kwa fomula hiyo ni kama kilo 71. Kilo 100 na kilo 100, lakini mmoja ana kilo 20 zaidi za mwili unaokula homoni. Kwa huyu, 160 za kanuni ya zamani hazielekei kuwa nyingi hata kidogo.

Fomula hii ina macho mawili tu, uzito na urefu. Haijui umri. Mwanamke wa kilo 60 mwenye miaka 30 na mwenye miaka 80 wanapewa jibu moja, na ukweli ni kwamba wa pili amepoteza misuli mingi na nafasi yake imechukuliwa na mafuta. Haijui pia nani anashinda kwenye chumba cha mazoezi. Kwa mzee ishushe kwa makusudi, kwa mwanariadha ipandishe, na usijifanye una uhakika wa desimali.

Hatua ya 4: Toa namba ya kuanzia

Una makadirio mawili mkononi: ya uzito mzima na ya uzito bila mafuta. Yakikaribiana, endelea. Yakiachana kwa zaidi ya mikrogramu 25, kwa mtu mnene anza na dogo. Sababu ni ya kiutendaji: kupandisha dozi baada ya wiki sita ni jambo la simu moja, lakini aliyezidishiwa anaweza kuja na moyo unaodunda bila mpangilio.

Kuna mambo mawili yanayofuta hesabu yote. La kwanza ni moyo. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, au mzee aliyeishi na upungufu wa homoni kwa muda mrefu, anaanza na 12.5 hadi 25 na kupandishwa kidogokidogo, fomula iseme inavyosema. Makadirio yako yanakuonyesha unakoelekea, siyo unakoanzia. La pili ni upungufu mdogo, ule ambao TSH imepanda kidogo na T4 huru bado iko sawa. Huyo harudishiwi dozi kamili.

Kisha ifananishe namba na vidonge vilivyopo. Pengine umepata 112 na kuna vidonge vya 100 na 25 tu. T4 inakaa mwilini muda mrefu. Nusu yake inaondoka kwa takriban siku saba. Kidonge cha leo ni ndoo moja ndani ya pipa ambalo tayari limejaa. Kwa hiyo 100 leo na 125 kesho, kwa zamu, ni 112.5 machoni pa mwili. Ila andika siku kwa majina yao kwenye pakiti: "Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, Jumapili 100, siku nyingine 125". Maneno "siku moja ruka" yanaleta mzozo kufikia wiki ya pili, na mpango huu wa siku saba unatoa wastani wa 111, ambao hauna tofauti ya maana.

Hatua ya 5: Meza kwa namna ileile kila siku

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kila karatasi ya dawa inasema. Tumbo tupu, maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Au usiku, baada ya kupita masaa matatu au zaidi tangu mlo wa mwisho. Kahawa isubiri. Vidonge vya chuma na kalsiamu vikae mbali kwa saa nne. Soya na nyuzinyuzi nyingi zinapunguza ufyonzwaji, lakini anayezila kila siku kwa kiasi kilekile dozi yake itazizoea. Kinachovuruga hesabu ni kubadilikabadilika.

Hatua ya 6: Subiri wiki sita, kisha TSH iamue

Makadirio yote ya hapo juu yanakufa siku TSH inapotoka maabara. Hilo ndilo lengo lake.

TSH inapimwa wiki sita hadi nane baada ya kuanza au kubadili dozi. Mapema zaidi ya hapo pituitari bado haijapata picha kamili, na unaweza kupandisha dozi ambayo ilikuwa njiani kutosha. Asubuhi ya kupimwa, kama T4 huru nayo inaangaliwa, toa damu kabla ya kumeza kidonge, kwa sababu T4 hupanda kwa saa chache baada ya kumeza. Anayetumia bayotini kwa ajili ya nywele na kucha aiache siku mbili kabla. Inavuruga mashine nyingi za maabara na inaweza kuonyesha homoni imezidi wakati haijazidi.

Kwa watu wazima wengi TSH inatakiwa kuwa kati ya 0.4 na 4.0. Kwa wenye umri wa kati ya miaka 70 na 80 na zaidi, mwongozo wa 2014 unaruhusu lengo la 4 hadi 6, na mimi naona hilo ni la busara: mzee mwenye misuli michache na mifupa myepesi ana mengi ya kupoteza kwa dozi iliyozidi.

Marekebisho yawe ya 12.5 au 25. TSH ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Badiliko dogo la T4 linaipandisha au kuishusha mara kadhaa zaidi. TSH ya 7 haimaanishi dozi ni nusu ya inayohitajika. Mara nyingi inamaanisha umekosea kwa robo ya kidonge.

TSH iliyopanda kidogo kwa mtu mnene

Hapa watu wengi wananaswa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Unene wenyewe unapandisha TSH. Mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, na inaaminika kwamba leptini huusukuma ubongo kuichochea pituitari. Matokeo yake mtu mnene mwenye tezi nzima na yenye afya anaweza kuwa na TSH juu kidogo ya mstari, T4 huru nzuri, na kingamwili za thairoidi hazipo. Akipungua uzito, TSH inashuka yenyewe.

Ukimpa mtu huyo levothairoksini "ili imsaidie kupungua", umetibu matokeo. Atapungua kidogo, na sehemu ya atakachopoteza itakuwa msuli, yaani kile kilekile tulichokuwa tunakihesabu. Lebo ya dawa hii nchini Marekani ina onyo ndani ya kisanduku, la daraja la juu kabisa, kwamba isitumike kutibu unene wala kupunguza uzito. Kabla ya kuandika dozi yoyote kwa mtu wa aina hii, rudia TSH na uongeze kipimo cha kingamwili za TPO, zile zinazoishambulia tezi ya thairoidi.

Upande wa pili nao useme wazi kwa mgonjwa: aliyepata upungufu wa kweli, dozi yake ikishakaa sawa, uzito unaoondoka ni mdogo na mwingi ni maji. Anayetarajia kilo 20 zimtoke kwa kidonge cha thairoidi atakuwa anaomba dozi ya juu kila akija, na siku moja atampata wa kumpa.

Mwili ukibadilika, dozi ifuate

Uzito ukisogea kwa asilimia 10 hivi, juu au chini, nenda kapime TSH. Hicho ndicho kipimo changu cha kengele, na nakitumia hata kama mtu hana dalili.

Turudi kwa mwanamke wa kilo 100. Sema amepungua hadi kilo 75 na kutulia hapo. Uzito umeshuka kwa robo. Fomula inasema uzito bila mafuta umetoka kama kilo 51 hadi kama 44, yaani asilimia 14 tu. Aliyekuwa kwenye 125 anaelekea kuhitaji takriban 108, basi tuseme 112 au 100. Angepunguziwa kwa robo, kwa kufuata mizani, angebaki na 94, akaanza kusikia baridi na uchovu na kuilaumu diyeti. Na tazama kiwango kwa kilo: kimetoka 1.25 hadi 1.44. Dozi yote imeshuka huku dozi kwa kilo ikipanda, na hakuna kosa lolote hapo.

Upasuaji wa kupunguza tumbo unaongeza utata kwa sababu unafanya mambo mawili yanayopingana. Mwili unapungua, unahitaji homoni kidogo. Njia ya chakula imefupishwa, kidonge kinafyonzwa vibaya, hasa pale utumbo uliporukwa. Kwa wengi dozi hatimaye inashuka. Kwa wachache inapanda, na hao wakati mwingine wanatulia wakibadilishiwa dawa ya maji. Pima mara kwa mara mwaka wa kwanza wote.

Dawa mpya za kupunguza uzito za kundi la GLP-1 zinahitaji jicho hilohilo. Anayepungua haraka kwa semaglutidi anaweza kujikuta na TSH iliyozama bila kubadili kidonge hata kimoja. Semaglutidi ya vidonge ina la ziada: ilipopimwa pamoja na levothairoksini, kiasi cha T4 kilichoingia mwilini kiliongezeka kwa takriban theluthi moja. Na zote mbili zinadai tumbo tupu la asubuhi, kwa hiyo panga na daktari au mfamasia ipi imezwe saa ngapi, na uhamishie thairoidi usiku ikibidi.

Kuzeeka ni badiliko la mwili ambalo mizani hailioni. Mtu anaweza kuwa na kilo 70 akiwa na miaka 50, na kilo 70 akiwa na miaka 75, na katikati misuli imeondoka na mafuta yamekaa. Juu ya hapo, uvunjaji wa T4 nao unapungua. Aliyemeza 125 kwa miaka ishirini bila kuguswa ana nafasi nzuri ya kuwa amezidishiwa leo. Kwa watu hawa TSH ya kila mwaka siyo ya kurukwa.

Anayejenga misuli hupata kinyume chake, ila kwa kiasi kidogo. Kilo tatu za msuli halisi ni kazi ya muda mrefu, na kwa kawaida hazifiki kwenye badiliko la kidonge. Anayeongezeka kwa kasi zaidi ya hapo uliza kama anatumia homoni za kujengea misuli, kwa kuwa androjeni zinapunguza protini inayobeba T4 kwenye damu na zinaweza kushusha mahitaji yake badala ya kuyapandisha.

Estrojeni za kumeza zinafanya kinyume: zinaiongeza protini hiyo, na dozi inaweza kuhitaji kupanda. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi haileti usumbufu huo kwa kiwango hicho.

Ujauzito usiuhesabu kwa mizani kabisa. Mahitaji yanaanza kupanda mapema sana, wiki ya nne hadi ya sita, kabla hata kilo moja haijaongezeka. Ushauri wa kawaida kwa anayetumia levothairoksini ni kuongeza vidonge viwili kwa wiki, tisa badala ya saba, mara tu kipimo cha mimba kinapoonyesha ndiyo, na kumpigia daktari siku hiyohiyo. Makubaliano hayo yafanywe mapema, wakati mimba bado ni mpango. Baada ya kujifungua anarudi kwenye dozi ya zamani na anapimwa wiki sita baadaye.

Dozi ikizidi kile ambacho mwili unaeleza

Hapa ndipo makadirio ya hatua ya tatu yanapolipa. Ukikuta mtu anameza 200, uzito wake bila mafuta unadai 120, na TSH bado iko juu, usiongeze kidonge. Mwili hauwezi kueleza dozi hiyo. Kuna kitu kingine.

Anza na swali la kumeza, na uliulize bila kumshtaki. "Wiki iliyopita ulisahau mara ngapi?" linaleta jibu la kweli kuliko "Je, unameza kila siku?" Aliyesahau kwa wiki kadhaa, kisha akameza kwa bidii siku chache kabla ya kupimwa, anaonyesha picha inayotambulika: T4 huru nzuri au ya juu, TSH bado imepanda.

Kama anameza, angalia anameza na nini. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo za kundi la omeprazoli, chuma, kalsiamu. Kisha tumbo lenyewe: bakteria wa H. pylori, kuta za tumbo zilizonyauka kwa kushambuliwa na kinga ya mwili, ugonjwa wa siliaki (utumbo kuumizwa na gluteni ya ngano). Kisha dawa zinazoharakisha ini kuivunja T4, kama rifampisini, fenitoini na kabamazepini. Anayeanza matibabu ya kifua kikuu akiwa kwenye dozi ya thairoidi apimwe TSH mapema. Pima pia protini kwenye mkojo, kwa sababu figo zinazovujisha protini zinavujisha T4 iliyobebwa nayo.

Yote hayo yakikosekana, kuna kipimo cha ufyonzwaji kinachofanyika hospitalini: mgonjwa anameza dozi kubwa, mara nyingi mikrogramu 1000, mbele ya muuguzi, na T4 inapimwa kwa saa kadhaa mfululizo. Ikipanda inavyotakiwa, tumbo halina kosa na mazungumzo yanarudi kwenye kumeza nyumbani. Isipopanda, mgonjwa anapelekwa kwa mtaalamu wa mfumo wa chakula na dawa ya maji inajaribiwa. Kipimo hiki hakifanyiki nyumbani, wala kwa mwenye ugonjwa wa moyo bila daktari wake kukubali.